Mashine ya Singano, Mawingu ya Mwanjaa, Vidole vya Mbelwa

Hapo zamani, na msinicheke, maana zamani ya leo si ile ya mababu. Siku hizi kitu kikimaliza miaka miwili kinaitwa cha zamani, na mwenye nacho anaonewa huruma mitaani. Basi hapo zamani hiyo fupi, hapahapa Muheza, palikuwa na chumba cha gemu cha Bi. Mwanamvua. Sogeeni karibu mnisikilize, maana mimi kila nikikumbuka mambo ya chumba kile damu inanichemka.

Chumba chenyewe kilikuwa cha kawaida. Kuta za tofali, bati juu, mabenchi, mashine moja ya gemu, tivii moja bapa ya mtumba, na pembeni friji la barafu za ubuyu. Bi. Mwanamvua alikuwa mjane, na ulimi wake ulikuwa unakata. Ukiingia unaamkia kwanza. Sare za shule haziingii. Aliyefungwa anainuka, anampisha mwenzake. Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: umeme ukikatika katikati ya mechi, anayeongoza ndiye mshindi. Hakuna kurudia, hakuna kubishana. Pedi ya kuchezea inawekwa chini, watu wanatoka nje kupunga upepo. Kwa umeme wetu huu, sheria ile iliwaepusha vijana na ngumi nyingi.

Ile tivii nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Unabonyeza sasa, mchezaji anapiga mpira baadaye. Si sana, kidogo tu, lakini kidogo hicho kinatosha kukufungisha. Vijana walilalamika mpaka wakachoka.

"Bi. Mwanamvua, badilisha tivii hii."

"Kwani haionyeshi?"

"Inaonyesha, lakini inachelewa."

"Marehemu mume wangu naye alikuwa anachelewa. Sikumbadilisha."

Basi tivii ile iliwashinda wote isipokuwa kijana mmoja, Mbelwa. Mbelwa alikuwa mpakiaji wa machungwa, anabeba matenga toka asubuhi mpaka mgongo unalia, na shule aliiacha njiani babake alipofariki. Hakuwa na mashine nyumbani, hakuwa na simu ya maana, alikuwa na chumba cha Bi. Mwanamvua tu. Akaizoea tivii ile kama mtu anavyomzoea mke mwenye gubu. Akajifunza kubonyeza kabla ya wakati. Mpira haujamfikia, yeye keshapiga. Mkimwuliza anajuaje, anacheka tu.

Siku moja ikaja habari. Kuna mashindano ya gemu ya mpira, miji kwa miji, kila mtu anacheza akiwa kwao kwa njia ya mtandao. Kila chumba kitoe timu ya watu watatu. Na zawadi? Hapo ndipo penyewe. Zawadi si kombe, wala si jezi. Zawadi ni nafasi ya kusoma Dar es Salaam, kwenye chuo wanachofundisha watu kutengeneza hizo gemu. Ada juu yao, kitanda juu yao, chakula juu yao. Nafasi yenyewe ni moja. Timu itakayoshinda itataja jina moja, basi, mwenye jina hilo anafunga begi anakwenda.

Moja! Watu watatu wacheze, mmoja aende. Sijui aliyetunga sheria hiyo alilelewa na nani. Ukitaka kuwagombanisha ndugu, wape mfupa mmoja.

Basi chumba cha Bi. Mwanamvua kikatoa timu. Wa kwanza Mbelwa, hilo halikuwa na mjadala. Wa pili Singano, dereva wa bodaboda, kijana nadhifu, mwenye maneno makubwa na moyo mkubwa pia, tusimdhulumu. Wa tatu Mwanjaa, mtoto wa kaka yake Bi. Mwanamvua, msichana anayetengeneza simu kwenye meza yake pale sokoni. Hakuna aliyemfundisha kazi ile. Kila akitaja kusoma babake anamwambia subiri kaka zako wamalize, na kaka zake hawamalizi.

Mmeona? Wote watatu walikuwa wanaihitaji nafasi ile. Hakuna aliyekuwa anaitaka kwa ufahari.

Tatizo likaanza mapema. Gemu ya mashindano ilikuwa toleo jipya, na kwenye mashine ya Bi. Mwanamvua ikawa inakwama. Mchezaji anakimbia, anaganda, anakimbia, anaganda. Wenye mashindano wakaja na sharti: chumba ambacho picha yake haiendi laini, hakipokelewi.

"Lakini mashine hii si ndiyo hiyohiyo mnayoitaka?" Bi. Mwanamvua akawauliza kwenye simu. "Jina lake si ndilo hilo?"

"Ndilo, mama. Ila sasa imetoka iliyoongezwa nguvu."

Iliyoongezwa nguvu! Hebu niacheni niseme. Kampuni inakuuzia mashine. Unajinyima, unanunua, unaizoea. Kabla mashine mpya ya kweli haijaja, pale katikati, wanakutolea ileile. Sura ileile, jina lilelile, wamebandika neno moja mwishoni, wanakwambia hii sasa ndiyo yenye nguvu. Na ile yako? Ile yako wanaanza kuiletea gemu zinazoikaba koo. Sasa kama nguvu ilikuwepo, mbona hawakuitia toka mwanzo? Ukiuziwa debe la mchele, halafu muuzaji akakufuata nyumbani kukuuzia kifuniko, utamwita nani? Na hiyo mashine yenyewe mpya, wallahi, haina hata mdomo wa kuingizia diski. Gemu unainunua kwa akaunti, inashuka kwa mtandao, huishiki mkononi, huwezi kumwazima jirani. Watu wanapanga foleni kwa kitu hicho!

Singano akasikia habari ile, akageuka. Akaenda zake. Aliporudi alikuja kwa miguu, kabeba boksi kichwani. Pikipiki ilikuwa imeuzwa. Pikipiki iliyokuwa ikimlisha, pikipiki aliyoifuta kila asubuhi kuliko anavyofuta viatu vyake.

"Singano, mwanangu, umeuza miguu yako?" Bi. Mwanamvua akashika kiuno.

"Mkono mtupu haulambwi, Bi. Mwanamvua. Tunataka kushinda au tunataka kusindikiza?"

Mwanjaa akalitazama boksi, akatazama nje pale pikipiki ilipokuwa ikiegeshwa, akasikitika kweli. "Kaka Singano, ungeniuliza kwanza. Siku hizi mtu hahitaji mashine. Gemu inachezwa kule mbali kwenye kompyuta zao kubwa, wewe unaletewa picha tu kwenye simu. Wanaita kucheza mawinguni. Inatosha simu, pedi na bando."

"Mawinguni!" Singano akafyonza. "Unataka tucheze mechi ya maisha yetu kwa bando? Mtandao ukipiga chafya tumefungwa. Dada, akili nyingi huondoa maarifa. Kitu ni kile ulichonacho ndani."

"Kitu gani unacho ndani? Gemu iko kwenye akaunti, akaunti iko kwao. Wewe umenunua boksi linalopasha moto chumba."

"Angalau boksi langu linashikika!"

Nami nilikuwepo nikasema, nyie wote wawili mmeibiwa, mmoja kauziwa mara mbili na mwingine kakodishiwa upepo. Nani alinisikiliza? Ati mimi ni muuza machungwa, najua nini.

Haya. Singano akaiunganisha mashine yake kwenye tivii ileile inayochelewa. Stabilaiza ya chumba, kile kifaa cha kutuliza umeme, haikuweza kubeba friji na mashine mpya pamoja. Bi. Mwanamvua akasema, "Chomoa friji, barafu zitajigandia baadaye." Singano akakataa. "Barafu zako ndizo zinazolipia umeme, Bi. Mwanamvua. Mashine hii ni ya kisasa, inajilinda yenyewe." Akaichomeka ukutani moja kwa moja, hivihivi.

Mbelwa akashika pedi. Wakacheza na mji huu wakashinda, wakacheza na mji ule wakashinda. Mbelwa anacheza, Singano anapanga kikosi, Mwanjaa anapambana na mtandao ili usikatike. Kila Singano anapofungua mashine anaandika neno lake la siri huku midomo inatamka herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Chumba kizima kililijua neno lile, na hakuna aliyejali.

Mpaka ikafika fainali. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali, chumba kimejaa mpaka dirishani. Wapinzani wetu walikuwa vijana wa Kahama, na walikuwa wazuri, msidhani tulikutana na vibonde. Lakini Mbelwa siku ile alikuwa amepandwa. Akafunga la kwanza, akarudishiwa, akafunga la pili. Zimebaki dakika za mwisho, tunaongoza mbili kwa moja.

Umeme ukakatika.

Mnadhani Mbelwa alifanya nini? Alifanya kile alichozoea toka siku ya kwanza alipoingia chumba kile. Aliweka pedi chini, akainuka, akanyoosha mikono juu. "Nilikuwa naongoza!" Watu wakamshangilia, wakambeba juujuu, wakatoka naye nje. Akajiendea zake mpaka kwenye mashine ya juisi ya miwa, ng'ambo ya barabara, kwa furaha ya mtu aliyekwisha kushinda. Chumba chetu kilikuwa kimemlea hivyo. Mashindano hayakujua habari za chumba chetu.

Simu ya Bi. Mwanamvua ikalia. "Mama, mmekatika. Sheria inawapa muda mfupi wa kurudi. Matokeo yanabaki, dakika zilizobaki zitachezwa. Msiporudi, Kahama wameshinda."

"Wameshinda nini, sisi si tunaongoza?"

"Rudini mtandaoni, mama. Muda unakwenda."

Umeme ukarudi. Ukarudi kwa hasira, taa ziliwaka nyeupe, feni ikaruka, na kutoka kwenye mashine ya Singano ikasikika *pu!* Halafu moshi mwembamba na harufu ya waya. Friji lilikuwa kwenye stabilaiza, likaendelea kunguruma kama hakuna kilichotokea. Singano akaibonyeza mashine, ikawa jiwe. Akaichomoa, akaichomeka, jiwe. Akapiga magoti mbele yake akaipuliza, jamani, kama mtu anayepuliza moto wa mkaa.

Mwanjaa hakupiga magoti. Alitoa simu yake, akafungua akaunti ya Singano kwa neno lile ambalo midomo ya Singano ilikuwa imelitangaza kwa kila mtu. Ndani ya akaunti ile kulikuwa na mlango wa kuchezea mawinguni, Singano alikuwa ameulipia pamoja na gemu bila kujua, hakuwahi kuubonyeza. Mwanjaa akaubonyeza. Hakuomba ruhusa. Picha ikaanza kuja, ikafa, maana mawingu yanataka mtandao mwingi kuliko mashine, na chini ya bati lile ni shida tupu.

"Kwenye machungwa!" akapiga kelele. "Nifuateni kwenye machungwa!"

Pale kwetu kwenye soko la machungwa mtandao ni mzuri, ndiyo maana sisi wafanyabiashara huko ndiko tunakopigia simu za Nairobi na Arusha. Basi nikawaona wanakuja mbio, Mwanjaa mbele ameinua simu, Singano nyuma ana pedi, chumba kizima nyuma yao. Wakapanda juu ya rundo langu. Machungwa yangu! Niliyachambua mwenyewe moja moja. Mpaka leo hakuna aliyeniambia hata pole.

"Mbelwa yuko wapi?" Mwanjaa akauliza.

"Katoka."

"Katoka kwenda wapi?"

Hakuna anayejua. Bi. Mwanamvua akatuma watu huku na huku. Muda unakwisha. Singano akasema, "Nipe, akaunti ni yangu, nicheze mimi." Akakaa juu ya tenga, akashika pedi, mechi ikaanza.

Sasa mnajua kucheza mawinguni kukoje? Unabonyeza hapa, amri inasafiri mpaka huko kwao kwenye majumba yao ya kompyuta, kisha picha inarudi. Inachelewa. Singano alizoea kuchezea kwingine kwenye tivii nzuri, kubonyeza na kuona papo hapo. Akabonyeza, mchezaji akasimama. Akabonyeza tena, mchezaji akapiga mpira nje. "Inachelewa! Hii kitu inachelewa!" Kahama wakapita katikati, wakafunga. Mbili kwa mbili. Nilisikia sauti ya watu wanaoguna kwa pamoja.

Ndipo Mbelwa akaletwa anavutwa na shati, bilauri ya juisi ingali mkononi. "Kuna nini? Si tulishinda?" Hakuna aliyekuwa na muda wa kumweleza. Bi. Mwanamvua alimnyang'anya bilauri, akamtupia pedi. "Kaa ucheze, mwana hizaya we!"

Mbelwa akakaa. Akabonyeza mara moja, akaona picha inachelewa, akatabasamu. Aliijua ile. Ilikuwa tivii ya Bi. Mwanamvua imehamia kwenye simu. Akaanza kucheza kabla ya wakati, mpira haujafika yeye keshapiga, beki hajaja yeye keshampita. Dakika ya mwisho akapiga shuti kabla mpira haujamfikia mshambuliaji wake. Tukasubiri. Picha ikaja, mpira ukaja, mguu ukaja, nyavu zikatikisika.

Tulishinda! Tulipiga vigelegele, tulikumbatiana na watu tusiowapenda, mimi nilirusha machungwa yaliyobaki hewani.

Furaha ile haikufika hata jioni.

Kwanza ilikuja habari kwenye simu ya Singano. Akaunti imefungwa. Kampuni imeona imefunguliwa mahali pageni kwa simu ngeni, ikashuku wizi, ikafunga kila kitu kilichomo. Gemu zote. Singano akaandika, akaomba, akaambiwa ombi lake limepokelewa. Mpaka naongea nanyi ombi bado limepokelewa tu. Mtu kanunua kwa jasho lake, halafu anafungiwa nje ya kitu chake na watu asioweza hata kuwaona akawatukana! Nikisema huu ni uonevu mnaniambia mzee wa zamani haelewi.

Kisha wenye mashindano wakapiga simu. Taja jina moja, mama. Tutakupigia tena kesho mchana, na mchana huohuo tunafunga orodha.

Kesho yake kabla ya adhuhuri watatu wale walikaa kwenye benchi moja mbele ya Bi. Mwanamvua, na mtaa mzima mlangoni.

Singano alisimama kwanza. "Bi. Mwanamvua, nakuheshimu, nisikilize. Bila mimi chumba hiki kisingepokelewa. Wote mlikaa mkilalamika, nani aliuza kitu chake? Mimi. Mashine yangu ndiyo iliyotutoa huku ikatufikisha fainali. Hata hayo mawingu mnayoyasifia yalikuwa kwenye akaunti yangu, kwa jina langu. Leo mashine imeungua, akaunti imefungwa, pikipiki anaiendesha mtu mwingine, nikiiona inapita nageuza uso. Wenzangu hawa walikuja mikono mitupu na wataondoka jinsi walivyokuja. Mimi nisipopata nafasi hii nimebaki na nini? Niambieni, nimebaki na nini?"

Vijana wa bodaboda mlangoni wakapiga honi. "Mpeni Singano!"

Mwanjaa akainuka. "Kaka Singano, pole, nakwambia kwa moyo. Lakini nani alikwambia uuze? Nilisema toka siku ya kwanza kuna njia isiyohitaji kuuza kitu, ukanifyonza. Shangazi alisema chomoa friji, ukamwambia mashine inajilinda. Ikajilinda? Bila mimi mngekuwa mmepiga magoti pale mpaka Kahama wanakabidhiwa ushindi. Ulikuwa na mlango mfukoni na hukujua kuwa ni mlango. Mimi ndiye niliyeufungua, mimi ndiye niliyejua mtandao uko kwenye machungwa. Na chuo ni cha nini? Cha kutengeneza vitu hivi! Tumpeleke nani, anayejua vinavyofanya kazi, au mwenye risiti?"

"Umeingia kwenye akaunti yangu bila kuniuliza!" Singano akafoka. "Uliniibia, ndiyo maana wamefunga!"

"Ningekuuliza ukiwa unapuliza mashine?"

"Ungeniuliza! Neno moja tu! Nilikuwa hatua mbili toka kwako!"

Hilo nadhani lilimchoma Mwanjaa. Kisha akasema taratibu, "Kweli, sikukuuliza. Na ningekuuliza, ungesema hapana." Akinamama wakapiga vigelegele. "Mpeni Mwanjaa! Mtoto wa kike kila siku subiri, subiri mpaka lini?"

Mbelwa alikuwa ameinama muda wote huo. Alipoinuka nilimwogopa, maana mpole akikasirika hana breki. "Nimewasikia. Mashine ya Singano, mawingu ya Mwanjaa. Na mabao je, yalijifunga? Mechi ngapi tumecheza, nani alikuwa ameshika pedi? Singano alishika mara moja tu akafungwa. Bila mimi mashine ni boksi na mawingu ni mawingu. Mwenye mashine anaitwa mwenye mali, mwenye simu anaitwa mwenye akili, mimi naitwa nani? Kijana wa machungwa! Mnibebe juujuu nikifunga, halafu Jumatatu nirudi kubeba matenga? Nyie wawili mna pa kurudi. Mwanjaa ana meza yake, Singano ana leseni, ataendesha pikipiki ya mtu. Mgongo wangu huu una miaka mingapi mbele yake?"

"Uliondoka!" Singano na Mwanjaa wakasema kwa pamoja, mara ya kwanza wanakubaliana siku ile. "Uliacha pedi ukaenda kunywa juisi!"

"Niliondoka kwa sheria ya chumba hiki! Nani kati yenu aliniambia sheria imebadilika? Singano, wewe ndiye uliyesoma masharti yote. Ulinisomea?"

Wapakiaji wa machungwa wakagonga ukuta kwa viganja. "Mpeni Mbelwa! Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama!"

Kelele ikawa kelele. Mtu akasema wapige kura, akajibiwa bodaboda ni wengi kuliko wapakiaji. Mtu akasema warushe shilingi, Mbelwa akasema maisha yake si shilingi. Mtu akasema mmoja ajitoe kwa hiari, wote watatu wakatazama chini, na siwalaumu.

Bi. Mwanamvua akapiga benchi kwa kandambili. "Nyamazeni! Nyamazeni nyote! Watu wazima mnapiga makelele kama hamkulelewa!" Macho yalikuwa mekundu. "Nikimtaja Mwanjaa mtasema kampa damu yake. Nikimtaja Singano mtasema kaangalia mali. Nikimtaja Mbelwa nitakuwa nimempa aliyeiacha vita katikati, tena kwa sheria niliyoitunga mimi. Mmenifanya mimi hakimu, mkanifunga mikono. Hao waliotoa nafasi moja kwa watu watatu wako wapi waje hapa waone nyuso hizi?"

Singano akasema, "Taja tu, Bi. Mwanamvua. Sitakununia." Lakini sote tulijua atanuna. Mwanjaa akamshika shangazi yake pindo la kanga, akaliachia haraka, alikumbuka watu wanamtazama. Mbelwa alikuwa analia bila sauti.

Simu ikaita.

Bi. Mwanamvua akaipokea, akaiweka sauti ya nje, nyuma yake tukasikia friji likinguruma.

"Haya mama, tuko na wewe. Jina la mshindi wenu nani?"

Hapo mimi nawaachia nyie mlioketi hapa kunisikiliza. Msiniambie wote watatu, kitanda ni kimoja. Msiniambie hakuna hata mmoja, kitanda hakitakaa kitupu, Kahama wanasubiri. Aliyeuza pikipiki yake na kukaidi alipoambiwa achomoe friji. Aliyeokoa mechi kwa kitu cha mwenziwe bila kumwuliza. Au aliyefunga mabao yote na kuiacha pedi chini mechi haijaisha? Simu iko hewani, watatu wanamtazama mwanamke yule mdomoni, na wawili kati yao watarudi nyumbani leo kuanza upya bila kitu. Je, nani alistahili, na nyie mngeweza kulitamka jina lake mbele ya wale wengine wawili?